Bunduki Nyuma ya Kabati la Chaki

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole cha Noela. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Mimi napika uji katika shule ya msingi ya kijiji chetu, kando ya mto, karibu na Kivukoni. Jina langu ni Agnella, lakini watoto huniita Dada Kimya. Nikigawa uji siwaangalii usoni, naona haya. Naangalia mikono. Naijua yote: yenye wino, yenye upele, yenye matope ya majaruba ya mpunga. Weusi ule haukuwa wa sufuria. Ulinuka kama kiberiti kilichozimwa.

Noela ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tatu. Mchana tulipokuwa tukipepeta mchele nyumbani, nilimuuliza aliweka wapi kidole chake.

"Kwenye mdomo wa bunduki," akasema, kama mtu anayetaja kikombe. "Tunapima. Vya wavulana haviingii, vinene. Changu kinaingia."

Ungo ulinitoka mikononi.

Bunduki hiyo ni gobore la Mwalimu Remigius, mwalimu mkuu wetu. Ana kibali cha kulimiliki. Hufukuzia nguruwe shambani mpunga unapoiva. Wiki tatu kabla ya hapo, baba mmoja aliyegombana na mkewe aliingia shuleni na panga. Alitaka kumchukua binti yake, Aneth, kwa nguvu. Wavuvi waliokuwa wakipita walimzuia na hakumkata mtu. Lakini watoto walitawanyika mpaka kando ya mto, na mmoja alianguka akavunjika mkono.

Tangu siku hiyo wazazi waliishi kwa hofu. Kamati ya shule ikamwomba Mwalimu alete gobore lake. Akaliweka stoo, nyuma ya kabati la chaki. Ufunguo wa stoo huning'inia kwenye msumari pale mlangoni, kwa sababu watoto ndio hutumwa chaki.

Nilijua lazima nimwambie Mwalimu. Asubuhi iliyofuata nilimpelekea uji wake. Nikasimama mlangoni pa ofisi, nikampa kikombe, nikaondoka.

Mwalimu huyu alinifundisha mimi pia. Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Mpaka leo akinikuta mbele za watu husema, "Huyu aliuchoka ubao wangu." Watu hucheka. Nami hucheka nao.

Jumamosi wazazi waliitwa mkutanoni. Jambo lilikuwa moja: je, bunduki ibaki shuleni? Mzee Polycarp, mwenyekiti wa kamati, alitaka zaidi ya hapo. Alitaka magobore mawili, na walimu wawili wasimame nayo nje kila asubuhi.

"Mpunga tunaulinda juu ya dungu, na gobore mkononi," alisema. "Watoto tunawalinda na nini? Na kengele?"

Watu walicheka, wengi wakaitikia. Kisha akamkaribisha Mkaguzi Dativa, polisi wa kata yetu. Tulidhani amekuja kutuunga mkono. Alimwamkia mzee kwanza, ndipo akamuuliza.

"Mzee wangu, nguruwe akiingia shambani unalenga wapi?"

"Namlenga yeye."

"Akiwa amesimama katikati ya wajukuu wako?"

Mzee Polycarp alikuna kidevu. "Hapo silengi."

"Yule baba alisimama katikati ya watoto mia mbili," alisema Afande Dativa.

Mvuvi mmoja, Evod, alisema kutoka nyuma kwamba basi serikali ilete askari, akae shuleni na bunduki yake. Watu wakapiga makofi. Afande alisubiri mpaka yakaisha.

"Kaka yangu, kata nzima ni mimi na pikipiki moja. Shule ni nne. Mkinitegemea mimi tu, siku ya hatari mtakaa mnasikilizia pikipiki."

Alitueleza kwamba polisi wana kazi yao, na tukiona hatari tusichelewe kuwaita. Lakini hatari haianzi pale mtu anapofika na panga. Huanza siku nyingi kabla. Kuna mtu huwa ameisikia.

Kisha akamuuliza Mwalimu gobore liko wapi.

"Limefungiwa stoo," alijibu Mwalimu. "Hakuna mtoto anayeligusa."

Nilimwangalia Noela. Alikuwa ameketi mkekani miguuni pangu, anatafuna muwa. Kidole kilikuwa bado na weusi pembeni mwa ukucha. Nilisimama.

"Wanaligusa," nilisema.

Mzee Polycarp aliweka mkono sikioni, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Wanaligusa. Ufunguo uko kwenye msumari. Wanapima vidole kwenye mdomo wake. Noela, waonyeshe."

Noela akainua kidole. Afande Dativa alikishika, akakinusa, akamgeukia Mwalimu.

"Lina baruti?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Limeshindiliwa. Bunduki tupu ingemlinda nani?"

Afande akakiachia kidole cha Noela.

"Hapo ndipo ugumu ulipo," Afande alisema. "Likiwa tupu halilindi. Likishindiliwa, wa kwanza kukutana nalo ni mtoto aliyetumwa chaki."

Akainama kwa Noela. Akamuuliza kama kuna aliyejua kwamba baba yake Aneth angekuja na panga.

"Sisi tulijua. Aneth alituambia Ijumaa. Akaja Jumatatu."

"Mbona hamkumwambia Mwalimu?"

"Mwalimu ana fimbo," alisema Noela. "Na hakutuuliza."

Siku hiyohiyo Afande Dativa alilitoa gobore stoo. Alimwagiza Mwalimu lirudi kwake, likae tupu, chini ya kufuli ambalo ufunguo wake anao yeye peke yake.

Wiki iliyofuata tulianza kazi. Njia ya watu ilikuwa inakatiza katikati ya uwanja wa shule, kutoka mtoni mpaka barabarani. Tuliifunga kwa michongoma, tukaacha lango moja. Mzee Polycarp ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Evod alilalamika kwamba samaki wake wataoza akizunguka. Sasa anazunguka, na hawajaoza. Kila mgeni anapitia ofisini kwanza na kuandika jina. Kengele ikigongwa haraka bila kukoma, watoto wanaingia darasani na mlango unafungwa. Wameshajaribu mara nne, hata wa darasa la kwanza wanaweza. Wazazi wakigombana juu ya mtoto, wanatoa taarifa shuleni mapema. Namba ya Afande imeandikwa kwa chaki ukutani.

Na watoto waliulizwa ni mtu mzima gani wanaweza kumwambia neno gumu. Walimchagua mwalimu mmoja wa kike. Halafu wakamtaja Dada Kimya.

Miezi miwili ikapita. Siku moja Aneth alikuja kuchukua uji. Kikombe kilicheza mkononi mwake mpaka uji ukamwagika. Zamani ningefuta meza tu.

"Kuna nini, mdogo wangu?" nilimuuliza.

Alinong'ona. Baba yake alikuwa amerudi kutoka Malinyi, alikokimbilia tangu siku ile ya panga. Amesema kesho anamfuata, na safari hii hazuiwi na mtu.

Nilikwenda kwenye mlango uleule wa ofisi. Sikusimama mlangoni, niliingia. Mwalimu alipiga simu uji ukiwa bado wa moto. Mchana huo Afande Dativa na mtendaji wa kijiji walimkuta yule baba kwake. Panga walilichukua. Akaonywa, kisha yeye na mkewe wakapelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, wakaelewane juu ya mtoto.

Kesho yake kengele ililia kama kawaida. Baada ya majuma mawili baba huyo alikuja, mikono mitupu. Aliandika jina lake, akazungumza na Aneth ofisini mbele ya Mwalimu, akaenda zake. Aneth akarudi darasani akikimbia, kwa kuwa hesabu ilikuwa imeanza.

Mwalimu alitoka nje, akanisifu mbele ya walimu wenzake. Kisha akatabasamu kama ilivyo desturi yake.

"Na huyu ndiye aliyeuchoka ubao wangu."

Walimu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwangalia usoni.

"Sikuuchoka ubao, Mwalimu. Kuna mwanaume alikuwa ananisubiri kwenye njia ya majaruba, kila nikitoka shule. Siku ya mwisho alinishika mkono. Nilijinasua, nikakimbia, sikurudi tena. Mlisema mimi ni mvivu. Hakuna aliyeniuliza."