Sufuria Mbili za Chokaa

Kila jioni mama alirudi kutoka chumba cha kufulia cha hospitali akiburuta miguu, viganja vimejaa malengelenge. Maji ya kule yalikuwa magumu. Yakichemka, chokaa iliganda ndani ya pipa, na mama ndiye aliyeibandua kwa patasi.

Bintiye wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa kupenda maneno, alimwonea huruma. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaeleza kwamba asidi ya ndimu hushika punje changa za chokaa zinapoanza kujijenga majini, zikashindwa kukua.

"Msiniamini tu," mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Jaribuni."

Basi Chiriku akateka sufuria mbili za maji ya nyumbani, nayo magumu kama ya hospitali, moja akaikamulia ndimu kidogo. Kila moja ingechemshwa saa nzima, kwa siku kumi.

Lakini jiko lilikuwa moja. Baada ya masomo, kuchota maji na kumwogesha mdogo wake, Chiriku alikuwa hoi. Siku ya tano alichemsha sufuria ya maji matupu, ile ya ndimu akaiacha. Ikawa hivyo hadi siku ya tisa. Daftarini aliandika kwamba zote zimechemka.

Siku ya kumi mama alichungulia. Sufuria ya kwanza ilikuwa na ukoko mweupe. Ya ndimu ilimetameta.

"Mwanangu!" Mama akaketi kama aliyetuliwa mzigo. "Kesho namwambia msimamizi. Patasi naitupa!"

Chiriku akalifunika daftari kwa kiganja.

"Vipi, leo huna neno? Unaumwa?"

"Mama, ile ya ndimu sikuichemsha siku tano. Nilichoka."

Mama akaivuta sufuria ya ndimu, akaimwaga. "Hata mimi nimechoka," akasema taratibu. "Washa jiko. Tunaanza upya, kwa zamu."

Zilikuwa siku kumi ndefu. Jioni moja mama alisinzia wima kando ya jiko. Mwishowe, chokaa ya sufuria ya kwanza ilitaka kisu. Kwenye sufuria ya ndimu chokaa ilikuwepo pia, ila nyembamba, ikatoka kwa kidole.

"Kumbe haizuii yote," Chiriku akanung'unika.

Msimamizi alikubali kujaribu ndimu. Wiki iliyofuata mama alisafisha pipa kwa brashi tu, akarudi mapema kidogo.

"Ile sufuria safi ya mwanzo ilipendeza," alimwambia bintiye, "lakini ingeniumbua kazini. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, sema. Usiandike ambalo hukulifanya, maana yupo atakayelitegemea."