Uyoga wa Saruji Safi

Risasi ya kwanza ilitoboa bati karibu na kiatu chake.

Ya pili ilipasua simu mkononi.

"Washenzi!" Lamwaka alifoka, akazidi kukimbia juu ya paa la kiwanda cha saruji, walinzi wawili nyuma yake. Ile Tecno ndiyo iliyokuwa na picha: mtungi wa hewa safi, na mpira mwembamba uliotoka humo hadi kwenye kipimo cha moshi cha dohani. Kipimo kilikuwa kinanusa mtungi, si moshi.

Redio ya Motorola ilikwaruza kiunoni.

"Lamwaka, uko wapi?" Alikuwa Afande Marjan, mkuu wake.

"Juu ya paa, Afande. Picha zimekufa."

"Banange! Mkaguzi anapiga saini cheti chao cha hewa safi saa tano. Zimebaki dakika kumi. Akisaini, hawa wanachoma miaka kumi, hakuna mtu wa kuwagusa."

Miaka kumi! Lamwaka aliishi kambi ya polisi, chini ya dohani hiyo hiyo, upande wa Ntinda. Binti yake Aol, miaka sita, alilala dirisha limefungwa na bado aliamka akitema makohozi meusi tii.

Na wenye kiwanda walijigamba redioni kila asubuhi: tumeachana na makaa ya mawe, tunachoma maganda ya kahawa, hewa ukaa imepungua. Kumbe tanuruni walitupa matairi na mitumba iliyooza ya soko la Owino. Wanafiki wakubwa, wanatia kinyaa.

Paa likaisha.

Chini kulikuwa na kilima cha maganda ya kahawa, kile walichowaonyesha wageni. Lamwaka akaruka.

Alitarajia kitu kikavu. Alizama hadi kifuani kwenye uozo wa moto, uliolowa, unaonuka choo. Ukamwingia kinywani. Ptuu! Akatema, akajivuta, akashika kitu laini.

Uyoga.

Ulikuwa umeota kilima kizima, mweupe, mnene. Lamwaka alicheka, akajaza mifuko. Walinzi walikuwa bado wanatafuta ngazi.

Ofisini, meneja Pitshou, suti nyeupe, alikuwa anamsogezea kalamu mkaguzi, Hajjati Husnah.

"Maganda mnachoma kiasi gani?" Lamwaka aliuliza akiwa mlangoni, Glock kiunoni, akichuruzika.

"Wewe nani? Toka!"

"Mjibu," alisema Hajjati, mtandio puani. "Hata mimi nataka kusikia."

"Tani thelathini kwa siku," Pitshou alisema. "Kilima kile kinaisha kila Ijumaa, tunaleta kingine."

Lamwaka akamwaga uyoga juu ya cheti.

"Nimeuchuma kwenye kilima hicho, sasa hivi."

Hajjati akaugeuza mmoja kwa kidole. Alikuwa ameacha kuziba pua.

"Mimi naotesha uyoga kwangu Kansanga," alisema taratibu. "Kwenye maganda haya haya. Unataka wiki tano, na maganda yasiguswe." Akaweka kalamu chini. "Bwana Pitshou, nifungulie tanuru."

Pitshou akachomoa Beretta.

Alichelewa. Goti la Lamwaka lilimpata tumboni, akaanguka kifudifudi kwenye uyoga wake, pingu zikalia.

Mlango wa tanuru ulipofunguliwa, zilionekana nusu ya tairi na sidiria inayoyeyuka. Hajjati akageuka, akatapika. Kisha akakichana cheti vipande vipande.

"Afande, kazi imeisha," Lamwaka alisema kwenye Motorola.

"Mzima wewe?"

"Mzima. Nanuka tu."

Nje ya lango mwenye bodaboda alimwangalia mara moja. "Nyabo, hapana! Kiti changu kipya."

Lamwaka akainua mabega, akaenda zake kwa miguu, polepole, mikono mifukoni.

Kambini aligonga kioo. Aol akaja upande wa pili, akavuta harufu kwenye ufa wa fremu, akabana pua.

"Tanuru linapoa siku mbili," Lamwaka alimwambia. "Siku ya tatu tunafungua hili dirisha."

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa."

"Sawa. Lakini kwanza uoge."