Usifunge Kwanza, Shemeji

Shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake, na Dereva hakuwa na raha.

Jina hilo lilimganda tangu siku za usukani. Aliendesha basi la shule miaka mingi, mpaka mgongo ukamkatalia. Shule haikumtupa. Ilimpa meza ofisini, kompyuta, na kazi ya kutunza orodha ya usafiri. Mtoto gani anapanda basi lipi, anashuka kituo gani, nani anampokea, na namba ya simu ya huyo mpokeaji. Yote hayo yalikaa kwenye jedwali moja la kompyuta, lile lenye visanduku visanduku.

Usukani aliujua. Kompyuta ilimtoa jasho. Kila kitu alikifanya kwa mausi, polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

Jumapili hiyo mchana alikaa sebuleni, kwenye ncha ya meza ya mke wake, ambaye ni fundi cherehani. Mke alikuwa anapunguza sketi ya shule ya binti yao wa mwisho. Binti huyo wanamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Wakati huo alikuwa chini ya meza, akivihutubia vifungo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kompyuta ilikuwa inakula betri.

"Baba watoto, kazi hiyo haiishi?" mke aliuliza.

"Inaisha. Mkuu wa usafiri anataka majina yafuate alfabeti. Nikimaliza namtumia leo leo. Kesho wahudumu wa mabasi ni wapya wote. Hawamjui mtoto hata mmoja. Watawashusha kama orodha inavyosema."

"Basi isome vizuri."

"Naisoma, bibi wee. Nishonee sketi."

Alichagua safu ya majina kwa mausi, kuanzia juu hadi chini. Akabofya kile kitufe cha kupanga kutoka A hadi Z. Kompyuta ikamwuliza swali: ipanue uchaguzi, au iendelee na safu ile tu? Dereva aliona kupanua ni kujitafutia makuu. Yeye kazi yake ilikuwa majina. Akachagua kuendelea.

Majina yakajipanga vizuri. Akasevu. Kisha akaandika namba mpya za simu za wazazi watatu. Akajinyoosha mgongo, akajiona mtu.

Mke aliinuka kuchukua mkasi, akapitisha macho kwenye kioo cha kompyuta. Akasimama hapo hapo.

"Baba watoto. Chiriku anashuka wapi?"

"Swali gani hilo? Zahanati. Unampokea wewe."

"Hapa imeandikwa Kiwandani. Anapokewa na babu. Babu yupi? Baba yangu ni marehemu, na wako anaishi mbali, safari ya siku mbili."

Dereva aliinama. Ni kweli. Majina yalikuwa yamehama, lakini vituo, wapokeaji na simu vilibaki palepale vilipokuwa. Kila mtoto alikuwa amekaa kwenye mstari wa mtoto mwingine. Basi zima. Mabasi yote.

Chiriku alichomoza kichwa kutoka chini ya meza. "Kesho nashuka Kiwandani? Kwa nani?"

"Hushuki Kiwandani!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Mtoto akarudi chini kwenye vifungo vyake.

Kituo hicho alikijua vizuri. Malori hugeuzia pale, na wenye malori hawaoni kitu kifupi kuliko gurudumu. Alimwona binti yake amesimama na begi lake, akimsubiri babu wa mtu mwingine. Na alama ya betri, pembeni mwa kioo, ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Ngoja niifunge," alisema. "Nikiifungua tena labda itakuwa imekaa sawa. Kazini wasijue."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mke alisema. "Usiguse kitu! Nakwenda kumwita jirani."

Jirani huyo ni karani wa ghala la vipuri. Siku nzima kazi yake ni majedwali. Aliingia mbio, nywele upande mmoja zimesukwa, upande mwingine zimesimama.

"Shemeji, umeifunga?"

"Bado."

"Usifunge kwanza. Umesevu?"

"Nimesevu. Maji yamemwagika, shemeji. Hayazoleki."

"Haya yanazoleka, mradi hujaifunga. Kusevu hakuzuii kurudi nyuma. Kufunga ndiko kunakozuia. Ukifunga, kompyuta inasahau hatua zako zote."

"Na betri ikizima?"

"Ni yale yale. Kwa hiyo tusipige soga. Baada ya kupanga majina, umeandika nini kingine?"

"Namba tatu za simu."

"Hizo zitafutika tukirudi nyuma. Zinakilini."

Karatasi haikuonekana. Mke akavuta karatasi ya kukatia ruwaza, akachukua chaki yake ya kushonea. Dereva alisoma namba, kila moja na jina la mtoto wake. Mke akaziandika kubwa, katikati ya mchoro wa mkono wa blauzi.

"Sasa acha mausi," alisema jirani. "Tazama chini kushoto. Kile kitufe kimeandikwa Ctrl. Kishikilie, usikiachie. Kwa mkono mwingine gusa Z mara moja."

Kidole cha Dereva kilining'inia hewani. "Nikiharibu zaidi?"

"Wewe si dereva? Hii ndiyo rivasi yako. Kila ukigusa Z, unarudi hatua moja. Ukirudi kupita kiasi, Ctrl na Y inakupeleka mbele tena. Gusa!"

Akagusa. Namba ya mwisho ikafutika.

"Vizuri. Tena."

Namba nyingine ikaondoka. Kisha ya tatu. Akagusa mara moja zaidi, na majina yote yakaruka kwa pamoja, kila moja likirudi kwake. Mke alikuwa ameinama begani kwake, akitafuta kwa kidole.

"Huyu hapa! Zahanati. Anapokewa na mama. Simu ni yangu!"

"Ctrl na S, shemeji! Sevu haraka!"

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Dereva alibonyeza kitufe cha kuwasha, haikuwaka.

"Imesevu?" Dereva aliuliza.

"Sijui," alisema jirani. "Haki ya Mungu, sijui."

Kwenye kona ya mtaa kuna kinyozi mwenye jenereta. Dereva aliikumbatia kompyuta kifuani kama mgonjwa anayewahishwa hospitali. Mgongo ulimwuma, hakuujali. Mke alibeba karatasi ya ruwaza. Jirani alijifunga kitambaa kichwani. Chiriku alifuata nyuma akiuliza maswali, na hakuna aliyemjibu.

Kinyozi aliwapa waya. Alimtazama jirani, kitambaa kimemteleza. "Dada, ule upande mwingine nikunyoe?"

"Nyoa ulimi wako," jirani alimjibu, bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

Jedwali likafunguka. Dereva alishika mausi aanze kuteremka kumtafuta binti yake, jirani akamzuia mkono.

"Utashuka mpaka lini? Ctrl na F. Andika jina lake, kisha Enter."

Dereva aliandika jina la shuleni la Chiriku, herufi moja moja. Kishale kikaruka mpaka kwenye jina. Pembeni yake: Zahanati. Mama. Alifumba macho kidogo. Imesevu.

"Sasa tuipange kama inavyotakiwa," alisema jirani. "Kwanza tutengeneze nakala. Bonyeza F12, uipe jina jingine. Tukiharibu nakala, ile ya asili ipo."

Dereva akafanya hivyo.

"Weka kishale kwenye jina lolote. Bonyeza Ctrl na A."

Rangi ikatanda jedwali zima.

"Umeona? Umezichagua safu zote kwa pamoja. Mtoto sasa atahama na kituo chake, na mama yake, na simu yake. Panga."

Dereva alibofya, kisha akaanza kukagua. Alimkagua Chiriku. Alimkagua yule mtoto wa Kiwandani, akamkuta yuko kwa babu yake. Jirani akamwonyesha Ctrl na mshale wa chini, akafika mstari wa mwisho papo hapo. Akamkagua na wa mwisho.

"Miezi yote hii nateremka kwa mausi kama mtu anayehesabu ngazi," alisema. "Kwa nini sikuuliza?"

"Ulikuwa unaona haya," alisema mke wake. "Mimi nilijua. Soma namba zako hapa."

Akaziandika upya kutoka kwenye mkono wa blauzi. Akabonyeza Ctrl na S, akaituma orodha kabla kinyozi hajazima jenereta.

Kesho yake, saa za watoto kurudi nyumbani, Dereva alikuwa ofisini, orodha mbele yake. Alijua iko sawa. Alikuwa ameikagua tena asubuhi, na tena baada ya chakula. Lakini moyo haukubali maneno matupu. Alisikia mabasi yakitoka getini moja moja, akajua kwa mlio kila moja linageukia wapi. Sasa liko darajani. Sasa liko sokoni. Sasa lipunguze mwendo, zahanati hiyo.

Simu haikulia. Akaigeuza, akaangalia kama ina chaji.

Ikalia.

"Nimemshika mkono," alisema mke wake.

Dereva alifungua mdomo kujibu. Kabla hajasema, mke alikuwa ameshanyang'anywa simu.

"Baba! Dada wa basi ananijua! Kaniita jina langu lote, akauliza mama yuko wapi, nikamwambia yule pale mwenye chaki kwenye nywele, akaangalia karatasi kwanza, ndiyo akaniacha nishuke! Na baba, yule mtoto wa Kiwandani kaniambia babu yake ana..."

Aliendelea hivyo hivyo bila kituo. Siku nyingine Dereva angemwambia apumue. Siku hiyo alimwacha aseme mpaka salio la mama yake likaisha.

Wahudumu wa mabasi mengine wakapiga simu mmoja baada ya mwingine. Watoto wote wameshuka. Wote wamepokewa.

Dereva aliirudia kompyuta. Mausi aliisukuma pembeni. Akashikilia Ctrl, akagusa S. Hakuwa amebadilisha kitu chochote. Alibonyeza tu.