Kazini Hakuna Baba

Ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeanikwa juani siku tatu, kavu kama kuni, lakini walipomaliza kuifunga chini ya gari ikaanza kudondosha maji.

"Masalia tu," fundi alisema. "Hivi uliinunua wapi, Dereva?"

"Yadi ya vyuma chakavu. Gari lake lilizama mtoni."

"Na mwenye gari?"

"Sikuuliza."

Alikuwa ameuliza. Aliambiwa mwenye gari hajaopolewa mpaka leo.

Fundi alikuwa binti yake wa pekee. Siku mzee alipostaafu udereva na kuomba kumsaidia gerejini, binti aliweka sharti moja: kazini hakuna baba. Wateja wakisikia baba, baba, watadhani gereji ni ya mzee na yeye ni mshika tochi. Mzee alicheka, akakubali, lakini miaka sita baadaye neno hilo bado lilimchoma. Mtoto umlee, umsomeshe, halafu akuite kwa jina la kazi!

Sasa ilibaki shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi ekseli ya nyuma. Boliti nne tu, na gari la ujana wa mzee lingetembea tena. Fundi akaingia chini na tochi. Mzee akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma lililoinuliwa. Kazi hii ina utaratibu wake. Wa chini akisema "zungusha", wa juu anazungusha gurudumu mpaka boliti inayofuata ije usawa wa spana. Akisema "basi", analishika lisitikisike wakati mwenzake anakaza.

"Zungusha. Basi." Ya kwanza ikakazwa.

"Zungusha. Basi." Ya pili. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni, na bado tairi lilikuwa la baridi mikononi mwake, na harufu ya tope la mtoni lililooza ilikuwa inapanda.

Kwenye ya tatu, gurudumu likazunguka lenyewe.

"Dereva, nimesema basi!"

"Sijazungusha mimi!"

"Shafti imekamata mkono wa ovaroli yangu. Usiguse kitu. Usiguse kabisa."

Kisha sauti ileile, kutoka palepale chini, ikalia polepole: "Zungusha, baba. Naumia, baba."

Mzazi gani ataambiwa naumia akae ametulia? Vidole vyake vilikuwa vimeshabana tairi aliposikia chini ya kilio hicho sauti nyingine, kavu, iliyojaa hofu, ikinong'ona, "Dereva, usimsikilize, mimi sijasema kitu," na hapo akaelewa kwamba pale chini walikuwa wawili, na mmoja tu ndiye wake.

Akaliachia gurudumu. Akachukua kisu cha kukatia ule mkono wa ovaroli, akalala kifudifudi, na tochi ya chini ilikuwa imeshazimika, kwa hiyo akaingiza mkono gizani akipapasa, akinong'ona dua zote alizozijua na nusu ya zile alizokuwa amezisahau, mpaka vidole vilivyolowa vikamshika kiganja, akavuta kwa nguvu zote za uzee wake, akavuta mpaka bega likalia, na binti akatoka mzima, nywele zikichuruzika maji, akamkumbatia shingoni.

"Umeniokoa, baba," alisema. "Baba yangu."

Mzee alilia. Miaka sita hakuwahi kulisikia neno hilo ndani ya gereji, na furaha ilimjaa hata asikumbuke kwamba kisu hakukitumia. Kisha akautazama mkono wa ovaroli uliomzunguka shingo, mmoja, halafu wa pili. Yote ilikuwa mizima, haikuchanika hata uzi.

Akajaribu kujitoa. Mikono ile ikambana zaidi, na harufu ya tope ikamjaa kooni.

Nyuma yake gurudumu lilianza kuzunguka, taratibu, bila mtu.

"Dereva," fundi aliita kutoka chini ya gari. "Shika gurudumu. Dereva? Basi! Nimesema basi!"

Gurudumu halikusimama.

"Baba!"