Nani Anamfungia Tai Shomari?

Wanaume wa kamati ya dansa ya Uhuru mjini Tabora walijua mambo mengi. Walijua kupanga viti, walijua kukohoa kabla ya hotuba, na kila mmoja alijua kwa yakini kwamba mwenziwe hafai kuwa kwenye kamati. Jambo moja tu liliwashinda, nalo lilikuwa kufunga tai ya kipepeo. Basi ilikuwaje jioni ile Shomari, mtu ambaye hata kamba za viatu alikuwa akifungiwa na mkewe, aingie chumbani na kipande cha hariri mkononi, apige komeo, na kabla maji ya chai hayajachemka atoke na tai shingoni, mabawa mawili yamekaa sawasawa kama yamepigwa pasi palepale?

Zamda, mkewe, aliiweka birika chini. Aliitazama ile tai jinsi mwanamke anavyotazama kanga asiyoijua kwenye kamba yake ya kuanikia.

"Umefunga mwenyewe?"

"Kwani chumbani yumo nani mwingine?" Shomari akacheka, kicheko kifupi, cha kukwepa.

"Mbona unanukia udi?"

"Udi?"

"Udi, bwana. Humu ndani hatujafukiza udi tangu matanga ya mama yako."

Shomari akajinusa begani, akasema labda ni harufu ya sanduku, akatoka kwenda kwenye mazoezi ya dansa. Alitembea kidevu juu, kama mtu anayevuka maji yaliyomfika shingoni.

Asili ya tai zenyewe ilikuwa amri ya mwenyekiti, Bwana Nikolaus wa Ipuli. Desemba ile ya mwaka sitini na moja alitangaza kwamba wanakamati wote watavaa suti nyeusi na tai za kipepeo, tena za kufunga kwa mkono. Zile za mpira zilizojaa dukani kwa Kanji, alisema, ni za wapiga tarumbeta. "Tunaichukua nchi," alisema, "tutaichukua na mpira shingoni?" Hakuna aliyethubutu kusema ndiyo. Mzungu mmoja, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, aliyekuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao, aliombwa awafundishe. Akawafundisha alasiri nzima, akawaacha wamekaa shingo zimekazwa kama mizigo ya kuni. Kesho yake wengi walipita kwa Kanji kwa mlango wa nyuma, wakanunua za mpira na kuapa kwamba wamejifunza.

Shomari hakutaka ya mpira. Katika sanduku la njumu la marehemu mama yake, Bi Swaumu, alikuta kilemba cha hariri nyeusi, kipana, kizito, cha zile nguo zilizofika Tabora na misafara ya pembe. Zamda alimwambia akiache. Yeye akasema mama yake hakuwahi kutoka nje na kilemba, basi nguo hii haina mwenyewe, na nguo isiyo na mwenyewe ni mali ya taifa. Akaipeleka kwa Mfaume, fundi cherehani wa Kanyenye, ikakatwa.

Huko kwa Mfaume ndiko Zamda alikoanzia upelelezi wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Zamda. Unashona?"

"Nauliza. Wewe ndiye uliyemfundisha mume wangu kufunga tai?"

Mfaume akaacha kukanyaga cherehani. "Mimi hukata, mwanangu. Kinyozi akishakunyoa, hukuvisha na kofia?"

"Basi mji huu nani anajua kufunga?"

"Bwana Shauri. Naye nasikia amefunga hadi vijiko." Akainama, akapunguza sauti. "Lakini ile hariri haikunipendeza. Kila nikiikata mkasi unapata moto. Nikasema ni jua. Nikatazama nje, mawingu."

"Ukaendelea kukata."

"Ningefanyaje, na tai imeagizwa? Nusu iliyobaki nikamshonea Bwana Nikolaus. Mabaki ni ya fundi, hilo unalijua."

Zamda alirudi nyumbani na habari ya mkasi ikaingia sikio hili ikatokea lile. Mwanamke mwenye wivu ukimwambia kitu kimepata moto, atakuuliza kimepashwa na nani. Yeye alikuwa akiwaza jambo moja tu. Kumfundisha mtu kufunga tai, mwalimu husimama wapi? Husimama mbele yake, karibu, pumzi kwa pumzi, mikono shingoni. Mwalimu wa namna hiyo anayefukiza udi Zamda alitaka kumjua kwa jina, kwa mtaa na kwa ukoo.

Kesho yake asubuhi hodi ilipigwa. Alikuwa Koleta, mke wa Nikolaus, amekuja kwa miguu kutoka Ipuli. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mwenzangu, nimekuja kwa heshima," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye unayemfungia mume wangu tai?"

"Mume wako?" Zamda naye akanong'ona bila kujua kwa nini ananong'ona. "Mimi ninamtafuta anayemfungia wangu."

"Anajifungia chumbani, anatoka kama bwana harusi, na ananukia udi. Kwetu sisi hatufukizi udi. Nyumba za udi ni zenu."

"Basi nusa."

Koleta akanusa. Nyumba ilinukia vitunguu.

Wakatazamana. Kila mmoja alimkagua mwenziwe kuanzia ushungi hadi ndala, na kila mmoja akaona mwenziwe ana umbo la kushukiwa.

"Anacheka usingizini," Koleta akasema. "Wako pia?"

Zamda akageuka kuutazama mlango wa chumbani. Wake pia.

"Kicheko si chake, Zamda. Mimi nimeolewa na kicheko cha Nikolaus, nakijua."

Waliagana vibaya, bila kupeana mikono. Na alasiri ile, Shomari alipokuwa bado uani anaoga, Zamda alijipenyeza chini ya kitanda cha kamba. Zamda hakuwa mwembamba, na kitanda hakikuwa kirefu cha miguu. Aliingia kwa ubavu, akakwama, akaingia tena, mpaka shavu likalala sakafuni na kamba zikamgusa bega. Mbele yake, ukutani, kiliegemezwa kioo kirefu cha kuvalia, na humo aliweza kuona chumba kizima. Alijisemea kwamba akitokea mwanamke dirishani, atamshika mguu.

Shomari akaingia, akapiga komeo. Zamda aliona nyayo zake mbichi, na kwenye kioo akamwona amevaa shati jeupe, hariri ikining'inia pande mbili za kola. Akasimama. Hakuigusa. Mikono yake aliiachia ikaning'inia, akafumba macho kama mtoto anayesubiri kuvishwa nguo ya Idi.

Ndipo harufu ya udi ilipoingia, haikuja na upepo wala moshi, ilijaa tu, kama maji yanavyojaa shimo, na kamba za kitanda juu ya Zamda zikalalama na kushuka, zikamkandamiza bega, zikashuka tena, uzito wa mtu aliyekaa akapumzika, kisha zikapanda kwa pamoja kwa sababu mtu yule amesimama, na Zamda akakaza macho sakafuni akingoja kuona miguu ya mwanamke, akingoja hata kidole, na miguu aliyoiona ilikuwa ya mumewe peke yake, lakini kwenye kioo kidevu cha mumewe kilikuwa kinainuliwa taratibu, na kwenye shavu lake pamebonyea vishimo vya vidole, viwili, vitatu, na ile hariri inanyanyuka, inapita juu, inapita chini, inajikunja bawa la kwanza, inasukumwa bawa la pili, bila haraka, kwa raha, jinsi mama anavyomvisha mwanawe au mke anavyomvisha mumewe, huku sauti nyembamba ya kike ikiimba puani wimbo usio na maneno, na Shomari, macho bado yamefumbwa, anatabasamu.

Zamda hakukumbuka jinsi alivyotoka chini ya kile kitanda. Alikumbuka tu kuishika tai kwa mikono miwili na kuivuta.

Tai haikufunguka. Ilikaza.

Shomari alianguka kwa magoti, macho yamemtoka, vidole vinakwaruza kola. Zamda akavuta komeo, akaita kwa jirani, na bahati yake jirani alikuwa Bi Mwanajuma, mganga wa ngoma za majini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa rafiki wa Bi Swaumu. Alikuja na chetezo chake mkononi, kwa mwendo ambao umri wake haukuuruhusu. Alipoiona ile tai akasimama.

"Nguo hii mmeikata?"

"Ilikuwa sandukuni, Bibi."

"Najua ilipokuwa. Mama mkwe wako alikuwa na mgeni, na hii ni nguo ya mgeni. Kila Alhamisi alikifunga kilemba hiki kichwani, mgeni akaja, akafukiziwa udi, akazungumza, akaenda zake. Bi Swaumu alipofariki nilimwambia Shomari tupige ngoma, tumuage mgeni na nguo yake. Unajua alinijibu nini? Nchi inapata uhuru, majini yaondoke na wakoloni." Akatia ubani motoni. "Haya. Huyu hakuondoka na wakoloni."

Moshi ulipomfikia Shomari aliacha kujikwaruza. Mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, ya utaratibu, kama ya mtu aliyesumbuliwa akiwa kwake.

"Nilikuwa na kichwa kimoja. Mmenipa shingo mbili. Nimechoka kwenda na kurudi."

Bi Mwanajuma akamgeukia Zamda. "Kipande kingine kiko kwa nani? Hapana, usilitaje jina, nenda ukakilete. Nitaviunga viwili viwe kimoja, nitamuaga kwa heshima yake, ataondoka bila ugomvi."

"Kiko mbali, Bibi. Atafia hapa."

"Nimekwambia nenda."

Tai ikakaza tena, kidogo tu. Midomo ya Shomari ilikuwa imekuwa rangi ya zambarau.

"Hana haja ya kwenda," ile sauti ikasema, na macho ya Shomari yakamgeukia Zamda, lakini aliyetazama hakuwa Shomari. "Shingo ya pili naijua, nimeizoea. Nataka nikaribishwe tu. Mwanamke wa nyumba hii anitoe hapa anielekeze kule, kwa kinywa chake. Sikai kwa wizi mimi."

"Usimjibu," Bi Mwanajuma alisema. "Zamda, mwanangu, kule nako kuna mtu na mkewe. Usimjibu."

Zamda alimtazama mumewe. Alimwona akiwa mchumba wake, alimwona akiwa amelala, alimwona anavyonyoosha mguu afungiwe kamba za kiatu huku anazungumza siasa. Akaona povu pembeni mwa mdomo.

"Nenda kwa Nikolaus," alisema. "Karibu kwa Nikolaus."

Hakupaza sauti. Fundo likafunguka lenyewe, bawa moja, kisha la pili, na hariri ikateleza ikaanguka sakafuni. Harufu ya udi ilitoka dirishani, na hata kuku wa uani waliipisha njia.

Bi Mwanajuma alifunika chetezo.

"Si mimi niliyemtoa," alisema. "Mimi nilikuwa namuaga, wewe umemhamisha. Kamwambie mwenzako leo, kabla huyo hajazoea makao."

"Nitamwambia, Bibi."

Shomari aliamka akaomba chai. Hakukumbuka kitu. Zamda alimpa chai, akavaa ushungi aende Ipuli, akafika kona ya Kanyenye, akasimama. Alifikiri, nikimwambia Koleta, atataka amrudishe mgeni. Na akimrudisha, atarudi wapi? Akanunua chumvi ambayo hakuihitaji, akarudi nyumbani.

Siku ya dansa ukumbi uliwaka taa, matarumbeta yakapiga kwa fujo, na Shomari alikuwa amevaa tai ya mpira kutoka kwa Kanji, imekwenda upande chini ya sikio. Nikolaus alitoa hotuba ambayo watu waliisifu kwa utulivu wake. Yeye ambaye kila siku alifoka, siku ile alizungumza polepole, kidevu juu, na tai yake ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote ndani ya ukumbi.

Koleta alimtafuta Zamda mpaka akampata ukutani.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwenzangu. Nilikushuku bure."

"Yamekwisha."

"Mume wangu kabadilika. Hajifungii mlango tena. Anashinda ndani, mpole, ananishika mikono ananiuliza nimelalaje. Kula tu ndiyo kumepungua." Akacheka kwa haya. "Nilikuwa nikilala jicho moja wazi. Sasa nalala kama mtoto."

Zamda akamshika mkono. "Koleta, kuna jambo nataka kukwambia."

"Sema."

Lakini Nikolaus alikuwa amekwisha fika. Alimpita mkewe kwa tabasamu, akainama kwa adabu kama anayesalimia mke wa rafiki, mdomo wake ukawa karibu na sikio la Zamda, na pumzi yake ilikuwa udi mtupu.

"Ahsante, mke mwenzangu," alisema, kwa ile sauti nyembamba. Akanyooka, akaenda zake kati ya watu, akipeana mikono.

"Kakwambia nini?" Koleta akauliza.

"Kanisalimia tu."

"Haya. Na wewe ulitaka kuniambia nini?"

Zamda alimtafuta Shomari kwa macho. Alimwona katikati ya ukumbi, anacheza vibaya, anakanyaga watu, anacheka kicheko chake mwenyewe.

"Nimesahau," alisema.