Mtaa Usioitikia Salamu

“Huyu mtoto halii?”

Winfrida aliuliza hivyo hata begi hajatua. Dada yake, Marcelina, aliinama akajidai kupanga viatu mlangoni. Mtoto mwenyewe, Inamahoro, alikuwa mkekani anatazama dari. Kule Buzebazeba walikokuwa wamepanga mwanzo, kilio chake kiliamsha nyumba za jirani zote, wakambandika jina la Honi ya Meli. Leo alikuwa kimya kama picha ya ukutani.

“Umekuja kusalimia au kukagua?” Marcelina alisema hatimaye. “Keti kwanza, mheshimiwa mwanasheria.”

Uanasheria ulikuwa utani tu. Winfrida alikuwa mwaka wa pili chuoni, na huko sifa yake ilikuwa midahalo: hajawahi kuachia swali lipite bila kulijibu, liwe la jaji au la mpita njia. Mama yao, aliyeishi Mwandiga, ndiye aliyemtuma. Nenda kaangalie huko dada yako alikohamia, panafaa au hapafai, uje uniambie. Manariyo, mume wa Marcelina, alikuwa Bujumbura kufuata bidhaa, na mwenye jengo alitaka jibu: wanabaki au wanaondoka?

Kwa macho, palifaa kabisa. Mtaa ulikuwa mpya, juu ya Gungu, majengo mafupi ya rangi ya krimu, maduka chini na watu juu. Marcelina aliuza vitenge chini, akapanda ngazi kunyonyesha. Duka la dawa lipo, kinyozi yupo, mama wa ugali na samaki wa migebuka yupo, na dirishani ziwa lilionekana mpaka milima ya Kongo. Muziki wa baa hakuna. Bodaboda zenyewe zilishusha abiria kule chini barabarani na kugeuza.

Kilichomkera Winfrida kilikuwa kingine. Alikuwa amepanda kilima chote akisalimia kila mlango, kama alivyolelewa. Kwao Waha salamu si neno moja la kutupiana. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza nyumba nzima mmoja mmoja mpaka ufike kwa mbuzi, na mwenzio naye anakuuliza. Mtaa huu haukumrudishia hata kikohozi. Bariki, fundi cherehani wa fremu ya jirani, aliinua kichwa, akaweka kidole midomoni, akaendelea kushona.

“Utadhani nimewaomba figo!” Winfrida alifoka. “Dada, hawa watu wana nini?”

“Punguza sauti.”

“Kwa nini nipunguze?”

“Punguza tu, mdogo wangu. Tafadhali.”

Marcelina akashuka dukani. Winfrida alibaki na mtoto, akafungua simu, akaanza kumwandikia mama kwamba majirani hawana adabu lakini nyumba ni nzuri. Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, ya mtungi mpya uliotiwa maji mara ya kwanza, na dirisha lilikuwa limefungwa, na nje jua lilikuwa kali. Aligeuka kumwangalia mtoto.

Inamahoro alikuwa analia. Uso umemwiva, ngumi zimekazana, machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Kinywa kilikuwa wazi chote. Winfrida alimnyanyua, akaweka sikio pale midomoni, akasikia pumzi ya moto ikitoka na kuingia, na ndani ya pumzi ile hamkuwa na sauti yoyote.

Alishuka ngazi bila kuvaa viatu.

“Kafungwa sauti!” alisema, na safari hii hakuhitaji kuambiwa apunguze. “Dada, umemwona? Umempeleka hospitali?”

Marcelina alimchukua mtoto, akamweka kifuani anyonye. “Wamemwangalia koo. Wanasema zima.”

“Ilianza lini?”

“Siku tuliyohamia. Nilikuwa nafungua maboksi, nikasikia makofi nje ya mlango. Sauti ya bibi, imetulia. Mwidiwe, akasema, salamu yetu ya Kiha. Nami nikapiga makofi, nikaitikia. Ningefanyaje, nimsusie mtu mzima? Akauliza, baba wa nyumba? Nikasema kasafiri. Akauliza, na mtoto? Nikasema yupo, mzima.” Alimpangusa mtoto machozi. “Nilipofungua mlango hapakuwa na mtu. Ile harufu tu. Nikakimbilia ndani. Tangu hapo hajalia. Mwanzoni nilimshukuru Mungu, Winfrida. Nililala.”

“Na bado unakaa!”

“Nilimrudisha Buzebazeba tukashinda huko kutwa nzima. Kimya vilevile. Lakini hapa, nikiweka sikio kwenye ukuta wa chumbani, namsikia. Yumo humo analia. Nikihama, namwachia nani sauti ya mwanangu?”

Bariki alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa begani. Alizungumza kwa kunong’ona, macho kwenye ngazi.

“Hapa pote palikuwa pa kutua mizigo. Wanawake waliokuwa wakitoka ziwani na dagaa walipumzika hapa, wakasalimiana, na kulikuwa na mmoja wasiyemwona ambaye naye walimsalimia. Alikuwa hadhuru mtu. Likaja jengo. Wapita njia wakaisha, salamu zikaisha. Sasa anazifuata mwenyewe milangoni, na anayeambiwa yupo, anachukuliwa sauti. Mke wangu Lyse nilimjibia mimi. Siku hizi tunaandikiana.”

“Na mwenye jengo anajua?”

“Anajua. Dalali wake Elikana anajua. Wanasema ni mtaa mtulivu.”

“Na ninyi mkajua, dada yangu akapakua mizigo mbele yenu, mkaweka vidole midomoni!” Winfrida alimsogelea. “Mtoto mchanga, fundi! Hata kumwandikia kwenye kipande cha kitambaa mlishindwa?”

Winfrida alitembea mpaka kona ya duka, akarudi.

“Nijibuni hili basi. Alipowasalimia, nani kati yenu alimaliza salamu? Nani alimwuliza za kwake?”

Bariki alitikisa kichwa.

“Mlikimbia. Salamu imeachwa katikati. Yeye kauliza, na sisi tuna zamu yetu. Njoo, dada. Mlete mtoto.”

Walipanda. Ilikuwa mchana wenyewe, ule ambao vivuli vinajificha chini ya miguu, na bado ngazi zilikuwa na ubaridi wa kisima. Waliingia, wakafunga mlango, wakangoja. Harufu ya udongo ilipanda taratibu, ikajaa pua, ikajaa koo. Kisha makofi. Pa. Pa. Pa. Laini, kama ya viganja vilivyolowa.

“Mwidiwe,” ilisema sauti ya bibi.

Winfrida aliinama, akapiga makofi. “Mwidiwe, mama.”

“Baba wa nyumba?”

“Za kwetu zimeshaulizwa, mama. Sasa zamu yetu. Kwako hawajambo?”

Makofi yalikatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kiasi kwamba Winfrida alisikia kope za dada yake zikipigana, na ndani ya kimya hicho kitu kilisogea upande wa pili wa mlango, kikaegemea mbao zikalia, kikavuta pumzi ndefu kama mtu ambaye hajaulizwa za kwake tangu watu waache kutua mizigo pale, na pumzi ile ikapita chini ya mlango ikawalowesha vidole vya miguu, ikapanda ukutani, na ukuta mzima ukaanza kunong’ona kwa sauti za watu wengi, za wanaume na za wake zao na za watoto, zote zikisema neno moja.

“Tupo.”

“Nashukuru kusikia,” Winfrida alisema, jasho likimwingia machoni. “Basi kuna mtoto kwako anaitwa Inamahoro. Mwite aje anisalimie.”

Ni ombi ambalo halikataliwi. Mgeni akikuuliza mtoto wako, unamwita, hata kama amelala. Mbao zililia tena. Polepole, kama mtu anayevuliwa nguo aliyoipenda, kitu kilimwachia mtoto, na kilio kikapasuka chumbani, Honi ya Meli yenyewe, mpaka vikombe kabatini vikagongana. Marcelina alipiga magoti, anacheka, analia, anamnyonyesha, hajui aanze na lipi.

“Na Lyse,” Winfrida aliendelea haraka, “mke wa Bariki, naye mwite—”

“Unasema vizuri, mwanangu,” ilimkatiza sauti ya bibi, kwa upole kabisa, karibu sana na tundu la kitasa. “Na wewe msemaji, upo?”

Hajawahi kuachia swali lipite.

“Nipo,” alisema Winfrida.

Walihama kabla jua halijazama, wakikimbizana na mizigo bila kusemezana, na kilio cha Inamahoro kilisikika kilima chote mpaka barabarani. Kule Mwandiga, mama yao aliwapokea uani, akamtazama Winfrida juu mpaka chini.

“Haya, mkaguzi. Panafaa au hapafai?”

Winfrida alifungua kinywa. Pumzi ilitoka, ya moto, kisha ikarudi ndani. Mama aliuliza tena. Marcelina ndiye aliyeanza kupiga yowe.

Tangu hapo Winfrida hajarudi chuoni. Akitaka kitu anagonga meza, na akikasirika anaigonga sana. Mtaa ule nao umeanza kujaa. Elikana dalali anawaambia wateja kwamba siku hizi umechangamka, kuna msichana huko juu anayekusalimia ukiwa bado ngazini, Kiswahili chake kimenyooka, anakupangia hoja moja baada ya nyingine kwa nini uhamie hapo: utulivu, maduka mlangoni, ziwa dirishani. Ukimbishia anakushinda. Kisha anakuuliza umeacha nani nyumbani.

Huyo si Winfrida. Winfrida yuko kwa mama yake, anamsikiliza Inamahoro akilia. Wewe ukienda kuangalia chumba kule, na sauti ile ikakuuliza, tafadhali usiitikie.