Aliyelala Kaburini mwa Ondiek

Shangazi yangu Achola alikuwa hoi. Hakuwa amelala vizuri tangu mumewe, Ondiek, apotee miaka mingi nyuma. Ondiek alikuwa mvuta pazia katika lile jumba kuukuu la maigizo mjini Kisumu. Siku moja viatu vyake vikaokotwa ufuoni Dunga, mwili usionekane. Wazee wakasema ziwa limemchukua, wakafuata desturi yetu sisi Waluo: wakazika yago, lile tunda refu na zito, badala ya maiti.

"Ondiek alikuwa anaogopa maji," shangazi alishikilia. "Ako tu kwa hiyo jumba."

Sasa Kisumu inakua, maghorofa kila kona, na jumba lilikuwa libomolewe kesho yake. Likianguka, angemtafutia wapi tena? Akaniomba nimsindikize akamwite, kama marehemu anavyoitwa pale alipofia ili afuate watu wake nyumbani. Nilikubali ili tu anyamaze. Habari hizo zilikuwa zimenichosha.

Tuliingia mchana, jua kali. Ndani palinuka mavi ya popo. Shangazi aliketi safu ya mbele, akavua leso mabegani, akaitandaza kwenye kiti cha pili.

"Ondiek," akanong'ona, "amka twende nyumbani. Kesho wanavunja."



Kisha kamba ikalia. Pazia likasogea. Upepo haukuwapo.

"Nitalala wapi?" Sauti ya mwanamume ilitoka nyuma ya pazia, imechoka kuliko hata ya shangazi. "Kwa kaburi yangu kuna mtu."

"Si mtu, Baba," shangazi akamjibu mumewe. "Ni yago tu."

"Basi itoke."

Nilimshika shangazi mkono, tukakimbia. Leso ikabaki kitini.

Tulifika nyumbani Seme jua halijazama. Kaburi la Ondiek lilikuwa limefukuliwa, likafukiwa upya. Mlangoni pa nyumba ya shangazi palikuwa na yago, halijaoza miaka yote hiyo. Lilikuwa limefungwa kwa leso ya shangazi.

Hakupiga kelele. Aliketi kando ya tunda, akashusha pumzi ndefu.

"Amefika," akasema. Akajilaza pale pale kizingitini, akafumba macho.

Nikaliinua tunda nilitupe kabla hajaamka. Lilikuwa na joto, joto la mwili. Nikaliweka chini. Nikamgusa shangazi.

Yeye ndiye aliyekuwa baridi.

Tulimzika kando ya mumewe. Yago nimelitupa ziwani mara nyingi, hadi nimechoka. Kila nikirudi nalikuta mlangoni, limefungwa kwa leso. Na bado lina joto.